Fulufremu au Kropu? Mwongozo wa Kuchagua Kamera kwa Mpiga Picha wa Uganda

Mpwa wangu aliingia studio kwangu Jumatatu moja asubuhi, vumbi la Bombo Road bado liko kwenye viatu, akaweka bahasha mezani. Alikuwa ameuza bodaboda yake. Ndani mlikuwa na shilingi milioni 3.5.

"Mjomba, nataka fulufremu."

"Ya kupiga nini?"

"Harusi. Kwanjula. Na mambo mengine mengine tu."

"Na lenzi?"

Akakuna kichwa. Akasema dukani wamemwambia atapewa lenzi ya bure juu yake.

Hiyo lenzi ya bure ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu. Kila mwezi najibu swali hili hili, fulufremu (kamera ya sensa kubwa) au kropu (ya sensa ndogo), kwa kijana mwingine, na kila mara huyo kijana amekwisha kuambiwa na mtu kwamba kropu ni kamera ya wanafunzi na fulufremu ni ya wanaume. Begini mwangu mna zote mbili, na zote zinanilisha. Nitakueleza jinsi ya kuamua, hatua kwa hatua, kabla hujatoa pesa.

Kwanza tuelewane zinatofautiana wapi

Sensa ni kile kibamba kinachong'aa ndani ya kamera, pale palipokuwa pakikaa filamu. Sensa ya fulufremu ina milimita 36 kwa 24. Vipimo hivyo vina umri mkubwa kuliko kompyuta: ni fremu moja ya filamu ya milimita 35, ile iliyoenea dunia nzima baada ya Leica kuingia sokoni Ujerumani mwaka 1925. Kropu, ambayo kwenye boksi utaiona imeandikwa APS-C, jina lake limetoka kwenye filamu ndogo iliyoanza kuuzwa 1996 na kufa mapema. Kropu ya Nikon, Sony au Fujifilm ina kama milimita 23.5 kwa 15.6. Ya Canon ni ndogo zaidi kidogo, 22.3 kwa 14.9.

Ukizidisha utapata milimita za mraba 864 kwa fulufremu, kama 367 kwa kropu ya Nikon na 332 kwa ya Canon. Yaani sensa kubwa ina eneo la kuzoa mwanga mara 2.4 hadi 2.6. Wapiga picha tunapima mwanga kwa stopu, na kila stopu ni mwanga mara mbili, kwa hiyo tofauti yote ni stopu moja na kitu. Kwa maneno ya kazini: kropu ukiipandisha ISO (namba ya kuikuza nguvu ya mwanga penye giza) hadi 3200, chenga, yaani zile punje kama mchanga, utakazoziona zinakaribiana na za fulufremu ya kizazi hicho hicho ikiwa ISO 6400 au 8000. Zingatia neno kizazi. Fulufremu ya 2005 na kropu ya 2016 haziwekwi mizani moja.

Kwa nini basi bei ziachane hivyo? Sensa hukatwa kwenye sahani ya silikoni kama mandazi yanavyokatwa kwenye unga uliosukumwa. Ukikata makubwa unapata machache, na palipo na kasoro unatupa andazi zima.

Jambo la pili ni hesabu ya 1.5 na 1.6, yaani mara ambazo upana wa fulufremu unaizidi kropu (1.6 ni ya Canon), na hapa ndipo wauzaji huwachanganya watu. Utaambiwa lenzi ya milimita 50 (milimita nyingi zinavuta karibu, chache zinaona pana) ukiiweka kwenye kropu "inageuka" 75 au 80. Haigeuki. Kumbuka mzee wa studio anavyokata picha ya pasipoti: picha ni ile ile, anaweka kisu pembeni, anapunguza kingo, uso unaonekana umesogea. Kropu inafanya hivyo hivyo, ila inakata kabla hujaiona picha. Unachopata ni pembe ya mtazamo ya lenzi ya 75 au 80 kwenye fulufremu.

Hatua ya 1: Hoji picha zako za zamani

Usianzie dukani, anzia kwenye kompyuta yako. Chukua picha 200 za mwisho ambazo mteja alizipokea na kuzilipia. Usichukue zote ulizopiga, chukua zilizolipwa. Fungua taarifa za kila picha, uandike vitu vitatu: ISO, milimita za lenzi, na namba ya f (tundu la lenzi: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa na mwanga ni mwingi). Ukiwa na Lightroom, ile programu ya kupanga na kusafisha picha, chujio la juu la maktaba linakuhesabia lenyewe. Kama kamera ni ya kuazima, fanya hivyo hivyo.

Sasa soma orodha yako kama daktari anavyosoma karatasi ya maabara.

Ukikuta picha nyingi ziko chini ya ISO 1600, sensa kubwa haitakuongezea kitu ambacho mteja atakiona. Tatizo lako, kama lipo, liko kwingine. Ukikuta theluthi au zaidi zimepigwa ISO 3200 kwenda juu bila flashi, hapo fulufremu ina hoja. Ukikuta milimita zimeganda mwisho wa zumu, kila ndege kwenye 300 na bado umemkata picha ukimvuta karibu, wewe unahitaji lenzi ndefu, na kropu ni rafiki yako. Zikiganda kwenye 18, na bado shangazi wa pembeni amekatwa bega, unahitaji lenzi pana, wala si kamera mpya.

Mimi nilipofanya zoezi hili mara ya kwanza, niligundua kwamba picha zangu za ISO kubwa karibu zote zilipigwa ndani ya saa moja hivi ya siku. Mwenye kupiga harusi Uganda anajua ni saa gani. Hapa kwetu kwenye ikweta jua huzama kati ya saa 12 na nusu na saa 1 jioni mwaka mzima, na likizama halina kuaga, dakika 20 baadaye ni giza. Harusi nayo imechelewa, kama ada. Bibi harusi aliyetakiwa kuingia saa 9 anaingia saa 11, hotuba za wakwe zinavuta, keki inakatwa huku umetoa ulimi ukitafuta mwanga. Kazi yangu ya mchana ilikuwa haina shida na kropu hata kidogo. Nilikuwa nanunua fulufremu kwa ajili ya hiyo saa moja. Nikakubali, kwa sababu hiyo saa ndiyo inayoingia kwenye albamu, lakini nilikubali nikijua.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya lenzi kabla ya hesabu ya bodi

Mpwa wangu na lenzi yake ya bure. Nilimwuliza ni ipi, akanionyesha kwenye simu: zumu ya zamani ya enzi za filamu, 28-80, f/3.5 ikiwa pana na f/5.6 ukiivuta mwisho. Nikachukua kipande cha karatasi.

Lenzi ya f/2.8 inapitisha mwanga mara 4 ya lenzi ya f/5.6, maana hizo ni stopu 2. Fulufremu inaokoa mara 2.4 kwa ukubwa wa sensa yake. Kwa hiyo weka upande mmoja kropu yenye 17-50 ya f/2.8, upande wa pili fulufremu yenye hiyo 28-80 ya bure, zote zimevutwa mwisho, chini ya hema lile lile. Kropu inapata 4, fulufremu inapata 2.4. Kamera "ya wanaume" imeshindwa na ya wanafunzi, tena imekula bahasha yote na flashi haijanunuliwa.

Alikaa na ile karatasi muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

Kanuni yangu ni hii, na wenzangu wengine wanabisha: bodi, yaani kamera bila lenzi, isizidi nusu ya pesa uliyonayo. Nusu nyingine ni lenzi, flashi, betri ya pili na kadi nzuri mbili. Kama fulufremu inavunja kanuni hiyo, bado hujaifikia. Na usidanganywe na bei ya bodi peke yake. Fulufremu za kioo ndani (DSLR) zilizotumika, kama Canon 6D ya 2012 au Nikon D750 ya 2014, zimeshuka bei kwa sababu wapiga picha wakubwa wanahamia kamera zisizo na kioo (mirrorless). Lenzi zake nzuri hazikushuka kwa kasi hiyo. 24-70 ya f/2.8 ya Canon, toleo la pili, ina gramu 805, na bei yake ina uzito wake pia.

Kwa kropu, Tamron na Sigma wametengeneza 17-50 za f/2.8 ambazo hupatikana mtumba kwa bei ya kibinadamu. Kuna pia Sigma 18-35 ya f/1.8, iliyotoka 2013, lenzi nzito kama jiwe la kusagia lakini inayoziba karibu pengo lote la mwanga. Na kwa yeyote anayeanza, 50 ya f/1.8. Usinunue kitu kingine chochote kabla ya hiyo.

Hatua ya 3: Pima kwa kazi yenyewe

Harusi, kwanjula (sherehe ya Kiganda ya utambulisho kabla ya harusi) na nikah. Hapa fulufremu inaanza kulipa, kwa sababu mbili. Ya kwanza nimekwisha kuitaja, jioni. Ya pili ni kanzu. Msimamishe mzee mweusi wa Kiganda mwenye kanzu nyeupe kwenye jua la saa 8 mchana, na una weupe na weusi mkali ndani ya fremu moja. Ukipima uso, kanzu inaungua, inabaki karatasi tupu. Ukipima kanzu, uso unazama. Dawa ni kulinda kanzu, kupiga RAW (faili ghafi ya kamera), kisha kuinua uso kwenye kompyuta. Ukiinua kivuli kwenye fulufremu, ngozi inainuka safi. Kwenye kropu inainuka pia, ila ukizidisha zile chenga za rangi zinaanza kutambaa mashavuni. Tofauti ni stopu moja na kitu, kama nilivyosema, na kwenye ngozi nyeusi hiyo stopu inaonekana.

Mambo mawili ambayo sensa ya ukubwa wowote haitakutatulia: hema la bluu na taa za zambarau. Hema la rangi hupaka rangi hiyo kwenye kila uso ulio chini yake, na gomesi (vazi la heshima la wanawake) ya njano inageuka kitu kingine kabisa. Omba meza kuu ikae chini ya hema jeupe. Mpigie mwenye mapambo wiki moja kabla, usingoje siku ya sherehe. Hema jeupe lina faida nyingine: unaelekeza flashi juu, mwanga unarudi laini kwa wote, na ukiwa na flashi iliyoelekezwa vizuri mteja hawezi kutofautisha kropu na fulufremu. Penye kanisa au msikiti ambapo umeambiwa usitumie flashi, hapo tofauti inarudi.

Kuna ukungu wa nyuma pia, ile mandhari inayoyeyuka nyuma ya maharusi. Kwa fremu inayolingana, 35 ya f/1.8 kwenye kropu inatoa ukungu kama 50 ya f/2.8 kwenye fulufremu. Fulufremu yenye 50 ya f/1.8 inayeyusha zaidi. Wateja wanaupenda. Lakini picha ya ukoo, watu 40 kwenye ngazi za kanisa kuu la Namirembe, safu nne, unataka kinyume chake, kila mtu awe wazi, na hapo kropu inakurahisishia.

Sokwe. Bwindi ni msitu mzito, na jina lenyewe kwa Kiingereza linasema haupenyeki. Unatembea na kundi la watu wasiozidi 8, mgeni wa kawaida anapewa saa 1 na sokwe, flashi hairuhusiwi, na mnyama mwenyewe ni mweusi ndani ya kivuli cha kijani. Hakuna mahali Uganda panapoitetea fulufremu kama hapa. 70-200 ya f/2.8 inatosha, kwa sababu hawako mbali. Angalizo moja: kamera ikiona manyoya meusi inadhani giza limezidi, inafungua mwanga, shata (pazia la kamera) inakuwa ya polepole na picha inatikisika. Shusha mwanga theluthi 2 za stopu mwenyewe. Na ukodi mpagazi pale mnapoanzia, maana kilima cha Bwindi hakijui kama lenzi yako ni ya gharama.

Ndege na wanyama wa mbali. Hapa nageuka upande wa pili bila aibu. Ukienda kinamasi cha Mabamba kumtafuta yule ndege mkubwa wa kijivu mwenye domo kama kiatu, ambaye Waganda wanamwita bulwe, unakaa ndani ya mtumbwi mwembamba, stendi ya miguu mitatu haina pa kusimama, na ndege kasimama mbali kwenye mafunjo. Kropu yenye 150-600 inakupa mtazamo wa milimita 900 kwenye Nikon. Ukitaka kumkata ndege huyo huyo kutoka kwenye picha ya D750 yenye megapikseli 24, unabaki na kama 10. Nikon D500, kropu ya 2016, inampa karibu 21 zote. Ndiyo, zipo fulufremu za megapikseli 45 kama D850 ambazo ukizikata bado zinabaki na 19, lakini mwenye pesa hizo hasomi mwongozo huu. Kwenye mkondo wa Kazinga, ambako boti inakupitisha karibu na viboko, hata 70-300 ya kawaida inatosha.

Kwa mpanda milima sina maneno mengi. Kilele cha Margherita kwenye Rwenzori kiko mita 5,109. Beba kropu.

Studio, pasipoti, bidhaa. Taa zako, ISO 100, ukuta wako. Hakuna mtu Nasser Road, mtaa wa wachapaji Kampala, atakayejua ulitumia nini. Ukurasa wa A4 kwa ubora wa chapa unahitaji kama megapikseli 9, A3 kama 17. Kropu ya megapikseli 24 inachapa kalenda ya A3 na chenji inabaki.

Video. Soma maandishi madogo. Canon EOS RP ya 2019 ni fulufremu halali, lakini ukiwasha 4K inakata fremu kama kropu, na ule mfumo wake mzuri wa fokasi unazimika. Kijana aliyeinunua kwa ajili ya video za harusi amelipia sensa asiyoitumia. Kila modeli ina vituko vyake, uliza swali hili moja: 4K yake inatumia upana wote wa sensa au inakata?

Hatua ya 4: Soma alama za lenzi, usije ukanunua isiyoingia

Huu ndio mtego unaokula pesa nyingi kimya kimya, hasa kwa anayesema "nitaanza na kropu, baadaye nipande."

Canon za kioo: lenzi yenye alama ya mraba mweupe mahali pa kufungia ni EF-S, ya kropu tu, na haiingii kabisa kwenye fulufremu. Yenye nukta nyekundu ni EF, inaingia kote. Nikon: lenzi ya DX inaingia kwenye fulufremu, ila kamera inakata picha na ule mtaji wako wa megapikseli 24 unashuka hadi 10. Sony: FE ni ya fulufremu, E tupu ni ya kropu. Sigma huandika DC kwa kropu na DG kwa fulufremu. Tamron ni Di II kwa kropu, Di kwa fulufremu. Lenzi za hawa wawili za kropu zinaweza kuingia kwenye Canon ya fulufremu, ukafurahi, halafu ukaona pembe nne za picha zimekuwa nyeusi.

Mtego mwingine wa Nikon: bodi ndogo za D3000 na D5000 na wadogo zao hazina mota ya fokasi. Ile 50 ya f/1.8D ya bei rahisi inayouzwa mjini itaingia, itapiga, lakini utazungusha fokasi kwa mkono harusi nzima. Kwenye D7200 inafanya kazi, kwa sababu mota iko ndani ya bodi.

Kwa hiyo kama nia yako ni kupanda baadaye, nunua 50 na 85 za fulufremu tangu leo, zitafanya kazi kwenye kropu bila neno. Zumu pana ya 17-50 inunue ya kropu tu, utaiuza pamoja na bodi.

Hatua ya 5: Kodi wikendi moja

Kampala haikosi wa kukodisha kamera. Kodi fulufremu unayoitamani, pamoja na lenzi utakayoweza kuinunua, si ile ya ndoto. Nenda nayo kwenye kazi halisi. Piga tukio lile lile na kamera yako ya kropu, saa 12 jioni hadi saa 2 usiku, ISO ile ile. Jumatatu chagua picha 10 kutoka kila upande, zisafishe kwenye karatasi ya A4, ziweke mezani zimechanganywa, umwite mtu asiyejua kamera. Mimi nilimwita mama anayetuletea chakula cha mchana. Alizitenga kwa urembo wa nguo. Za jioni kabisa, zile za keki, alisema mbili "zina mchanga." Zilikuwa za kropu. Nyingine zote zilimpita.

Hiyo ndiyo thamani ya pesa unayotaka kuongeza. Ukiona inatosha, nunua.

Hatua ya 6: Ukaguzi wa kamera ya mtumba

Wengi wetu tunanunua zilizotumika, kwa hiyo sensa iwe kubwa au ndogo, fanya haya ukiwa bado na pesa mfukoni.

Nenda na kadi yako na kompyuta yako. Piga picha moja ya Nikon, angalia ndani ya taarifa zake idadi ya shata, yaani picha ambazo kamera imekwisha kupiga. Canon nyingi hazihifadhi namba hiyo kwenye picha, inabidi waya na programu. D750, D7200 na Canon 5D Mark III zilipimwa kiwandani kwa shata 150,000, Canon 6D kwa 100,000. Kupita hapo si kufa, lakini bei ishuke.

Weka f/16, elekeza anga au ukuta mweupe, piga. Madoa meusi ni vumbi, linasafishika. Doa lisilotoka baada ya kusafisha ni mkwaruzo, achana nayo. Funga kifuniko cha lenzi, piga sekunde chache kwa ISO 3200: nukta kali za nyekundu au bluu ni pikseli zilizoungua, chache ni kawaida, kundi lake si kawaida. Zima taa, mulika lenzi kwa tochi ya simu kutoka nyuma. Ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu. Miji yetu ya ziwani, Entebbe na Jinja, ina unyevu unaoipenda sana. Lenzi yenye kuvu usiiweke hata kwenye begi moja na nyingine. Zako zitunze kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na vijifuko vya silika.

Hesabu matundu ya kadi. Hili halifuati ukubwa wa sensa: 6D ni fulufremu yenye tundu moja, D7200 ni kropu yenye mawili. Nalisisitiza kwa sababu ya nikah moja Bombo. Nilikuwa na fulufremu ya tundu moja, fahari yangu, na kadi niliyoinunua kibandani kwa sababu nilikuwa nimechelewa. Mahari yakakabidhiwa, shehe akasoma, nikapiga yote. Nyumbani kompyuta ikasema kadi haina kitu. Programu ya kufufua picha ilirudisha za asubuhi, za chakula, za watoto wakicheza na viatu vya wageni. Za mahari hazikurudi. Baba wa bibi harusi hakunigombeza, na hilo ndilo baya zaidi, alisema tu "basi." Nilirudisha pesa yote. Tangu siku hiyo sipigi harusi na tundu moja, hata kama sensa ina ukubwa wa sinia.

Mpwa wangu tulikwenda naye mjini Alhamisi. Tulirudi na D7200 yenye shata 40,000 na kitu, 17-50 ya f/2.8, 50 ya f/1.8 ile ya zamani ya herufi D, flashi, betri ya pili na kadi mbili. Kwenye bahasha ilibaki nauli na ya rolex mbili (chapati na mayai), tukazila tumesimama. Fulufremu yangu atakuwa anaazima kwa kazi za usiku, mpaka hesabu ya picha zake 200 itakaposema vingine.

Juzi kapiga simu kutoka Mbarara, katikati ya kwanjula, sauti ya ngoma nyuma yake. "Mjomba, flashi inakula betri. Nimemaliza seti mbili na keki bado." Nilimwuliza ananunua zipi. Za dukani, akasema, zile za kutupa. Nikamwambia kesho atafute za kuchaji, seti tatu, na sasa hivi amwombe mwenye muziki, hao hawakosi betri.